Bega la Baba Lilivyoachia

Asubuhi moja ya baridi, nyumbani kwangu hapa Mpanda mjini, nilikuwa navaa sweta. Niliingiza kwanza mkono wa kushoto, ule unaouma, nikaivuta nguo taratibu mpaka begani, ndipo nikaizungusha mgongoni na kuingiza mkono mzima. Nilipomaliza nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa nimekumbuka ni wapi nilikomwona mtu akivaa hivyo. Aliyekuwa akivaa ni Baba, aliyekuwa akimvalisha ni Mama, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili au la tatu, nimesimama mlangoni nikiogopa hata kupumua kwa nguvu.

Kwetu ni upande wa Ugalla, kijiji ambacho ukitoka kwenye mashamba ya mahindi unajikuta msituni bila kujua msitu ulianzia wapi. Baba alilima kama watu wote, lakini kazi aliyojivunia ilikuwa ya nyuki. Mizinga aliichonga mwenyewe kwa magogo na kuitundika juu ya miti mirefu huko ndani. Kutundika mzinga kunataka mabega. Unarusha kamba ivuke tawi, unafunga gogo upande mmoja, halafu unavuta upande wa pili, mkono juu ya mkono, mpaka gogo zito kama mtu mzima linapanda hewani. Mara chache aliponichukua kwenda naye, nilikaa mbali kwenye nyasi nikimtazama, nikaamini hakuna kitu duniani ambacho Baba hawezi kukiinua. Akirudi nyumbani alinuka moshi na nta, na Mama alimtania kwamba mke wake mkubwa ni mzinga.

Kwenye kona ya uwanja wetu, karibu na zizi la mbuzi, palikuwa na nyumba ndogo ya Shangazi Nyamizi. Yeye alikuwa dada mkubwa wa Baba. Aliolewa mbali, mume wake akafa, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, ndugu za mume hawakuona sababu ya kuendelea kuishi naye. Akarudi kwao na beseni, mkeka na mbuzi mmoja. Mimi nilimpenda kwa sababu alinikaangia karanga na kuniacha nikae jikoni kwake hata nikiwa mchafu. Alikuwa mwembamba, mrefu kama Baba, na macho yake yalikuwa mekundu muda wote kwa moshi wa kuni. Alikuwa na mikono yenye nguvu. Mama alipojifungua mdogo wangu, ni Shangazi aliyemkanda tumbo kwa maji ya moto, na Mama alisema mwenyewe kwamba mikono ile ina baraka.

Mwaka ule, kabla ya msimu wa kurina asali, Shangazi alimwomba Baba mizinga. Babu alikuwa ameacha mizinga mingi msituni, na Baba na kaka yake, yule tuliyemwita Baba Mkubwa aliyekuwa akiishi upande wa Inyonga, waliigawana wao wawili. Shangazi alisema yeye pia ni mtoto wa mzee, ampatie hata michache, atamtafuta mtu wa kumrinia, asije akazeeka akiomba chumvi kwa wifi. Baba hakukataa moja kwa moja. Alisema atazungumza na kaka. Nadhani alizungumza, maana Baba Mkubwa alipokuja alisimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti kwamba mwanamke hapandi miti, na mizinga ya ukoo haiendi kwa watu waliokwisha kuolewa. Shangazi akamjibu kwamba asali ya baba yake haijawahi kumuuliza kama ni mwanamke. Watu walicheka. Baba Mkubwa hakucheka.

Msimu huohuo bega la Baba likaanza kuuma.

Lilianza bila kishindo. Hakuanguka mtini, hakuangukiwa na gogo. Alirudi msituni akasema ule upande wa kushoto unamvuta, labda amelala vibaya. Baada ya hapo tukazoea kumwona akilishika bega kwa mkono wa kulia akiwa amekaa, kama mtu aliyebeba kitu ambacho hataki kidondoke. Alisema maumivu yako ndani sana, hayashikiki, yanashuka mpaka katikati ya mkono juu ya kiwiko na kuishia hapo. Akitulia yanakuwa kama jino bovu. Akishtuka, mathalani kuku akimrukia au akitaka kudaka kikombe kinachoanguka, yanamchoma hata anakaa chini mwenyewe. Kulala upande ule hakuweza. Mama alisema kila akijigeuza usingizini anaamka akiguna.

Halafu mkono wenyewe ukaanza kugoma. Kwanza hakuweza kuufikisha mgongoni kuchomeka shati. Baadaye hakuweza kushika kofia yake, wala kujikuna shingo, wala kunyoa ndevu bila kuinamisha kichwa kama jogoo anayekunywa maji. Akijaribu kuuinua, bega zima lilipanda mpaka karibu na sikio, lakini mkono ulibaki palepale. Wala halikuwa suala la kukosa nguvu, maana hata mtu mwingine akimshika kiwiko na kumwinulia, mkono ulifika mahali ukakwama, kama mlango uliozuiwa na jiwe kwa ndani. Nilijaribu mwenyewe siku moja, kwa kucheza. Nilisukuma kidogo tu. Baba alinipiga kofi la kwanza na la mwisho maishani mwangu, kisha akaniita akanipakata kwa mkono mmoja.

Kilichotutisha zaidi ni kwamba hapakuwa na kitu cha kuona. Bega halikuvimba, halikuwa jekundu, halikuwa na joto. Ukiyatazama mabega yake yote mawili, yalifanana. Alikwenda zahanati, akaulizwa kama ameanguka, akasema hapana, akabonyezwa, akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa apumzike. Alipumzika. Vidonge vikaisha. Bega likazidi. Watu waliokuja kumsalimia walimtaka awaonyeshe, akavua shati, wakatazama, kisha wakatazamana. Jeraha lingekuwepo, lingemwokoa mtu asilaumiwe.

Aliyemhudumia muda wote huo alikuwa Shangazi. Kila jioni alichemsha majani ya mbono, akayakunja kwenye kitambaa, akamkanda, halafu akampaka mafuta na kumchua polepole. Baba aliuma ncha ya kanga ya Mama asipige kelele. Nikiwa nimekaa pembeni, niliona kitu kimoja tu: kila mikono ya Shangazi ikimgusa, Baba analia. Kwa akili yangu ya wakati ule haikunipitia kwamba mtu anaweza kukuumiza huku anakusaidia.

Baba Mkubwa ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mtu mpole, amevaa koti safi, akanywa uji wetu akashukuru. Alimtazama Baba, akamshika mkono akaupandisha mpaka ukakwama, akatikisa kichwa. Akasema bega hili haliumwi, bega hili limefungwa. Na aliyelifunga hatoki mbali, anakula humu humu uwanjani. Akauliza nani anayemgusa kila siku. Mama aligeuka akatazama nyumba ya kona, nami nikatazama alikotazama Mama.

Wakubwa walielewa walichoelewa. Mimi nilielewa kwamba mahali fulani kuna kamba, ina fundo, na fundo lile likifunguliwa mkono wa Baba utashuka na kupanda kama zamani. Nilifikiri jambo hilo kwa uzito sana. Siku Shangazi alipokwenda mtoni kufua, niliingia nyumbani kwake. Nilifungua fundo la kamba ya mbuzi. Nikafungua kitambaa alichofungia mbegu za maboga, nikafungua mkufu wa shanga uliotundikwa ukutani, zikatawanyika chini. Kisha nikaingia chini ya kitanda chake. Kilikuwa kitanda cha kamba, chenye mafundo mengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na nilifurahi, maana nilijua sasa nimepata penyewe. Nilikuwa nimefungua upande mzima wa miguuni nilipoiona miguu yake mlangoni.

“Unafanya nini huko chini, mwanangu?”

Nikamwambia namfungua Baba.

Aliinama akanitazama. Nikamweleza yote, kwa haraka, nikidhani atanisaidia: kwamba mganga amesema bega limefungwa, kwamba aliyelifunga anakula humu uwanjani, kwamba watu wanasema ni yeye, na kwamba kama anajua fundo ni lipi anionyeshe tu, sitamwambia mtu. Alikuwa bado ameshika beseni la nguo mbichi. Aliliweka chini. Alikaa juu ya kinu akitazama shanga zake sakafuni.

“Na baba yako anasemaje?” akaniuliza.

Nikasema Baba hasemi kitu.

“Basi,” akasema. “Kama yeye hajasema, hakuna neno.”

Akaniita nimsaidie kukaza tena kamba za kitanda. Alivuta yeye, nami nikashikilia mafundo yasilegee, na kabla hatujamaliza alikuwa ameshaanza kunichekesha. Nilitoka pale nikijua kwamba hakuna shida, kwa kuwa mtu mzima amesema hakuna shida. Jioni alikwenda kumkanda Baba kama kawaida. Alimkanda jioni ile, na jioni nyingi baada ya ile. Mvua zilikuja, tukapanda, tukapalilia, na mganga hakurudi. Nilidhani jambo limekwisha.

Kumbe Baba Mkubwa alikuwa akizunguka kwa ndugu. Baada ya mavuno walikuja wote, mchana, wakakaa uwanjani kwetu kwenye viti na mikeka. Mama alipika chakula kingi, nikaona ni kama sherehe. Shangazi aliitwa akakalishwa peke yake kwenye kigoda. Baba alikuwa amekaa karibu na kaka yake, mkono wa kushoto ameulaza mapajani. Baba Mkubwa alisimulia yote tangu mwanzo: mizinga, maneno ya uwanjani, bega lililoanza msimu uleule, majani yasiyojulikana yaliyokuwa yakichemshwa kila jioni, ingawa mbono ulikuwa umejaa nyuma ya nyumba zote kijijini. Akamwuliza Shangazi ana nini cha kusema.

Shangazi hakumtazama yeye. Alimtazama Baba.

“Mwambieni ainue mkono,” akasema.

Niliona mwanamke mmoja akiweka mkono mdomoni. Mimi mwenyewe niliona uso ukiniwaka moto, kwa kuwa sikuwahi kusikia mtu akisema jambo la kikatili hivyo. Mtu anajua Baba hawezi kuinua mkono, halafu mbele ya watu wote anataka ainue. Ndipo nilipoamini. Si mganga aliyeniaminisha, wala Mama. Ni maneno yale. Nilimwona Shangazi kwa mara ya kwanza kama walivyomwona wengine: yale macho mekundu, ile mikono.

Shangazi akarudia, kwa sauti ya chini, kama wako wawili tu. “Mdogo wangu. Inua mkono.”

Baba alitazama mapaja yake. Baba Mkubwa akamwuliza mkono ukoje. Baba akasema, “Bado.”

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Shangazi aliendelea kumtazama kidogo, halafu akaondoa macho, na tangu hapo hakujibu swali lolote. Watu walisema kunyamaza kwake ni kukiri. Wakashauriana. Walijiona wana huruma, kwa sababu katika vijiji vingine mwanamke mwenye macho yale asingemaliza mwezi akiwa hai, na wao walimwambia tu aondoke na asirudi.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Tulikatazwa kutoka nje, nikachungulia dirishani. Alikuwa na beseni kichwani, mkeka kwapani. Mbuzi wake ndugu walikataa aondoke naye. Alirudisha mlango wake, akachukua fimbo ndogo akaipitisha kwenye kitanzi cha waya kama alivyofanya alipokuwa anakwenda mtoni, ili kuku wasiingie. Akaelekea njia ya stesheni, kungoja treni ya kwenda Kaliua. Baba alikuwa nyuma ya nyumba. Sikumwona, lakini nilisikia shoka dogo likichonga mzinga, likanyamaza, likaendelea.

Mwezi uleule mkono wa Baba ukaanza kuachia.

Sisemi kwa kukuza. Siku moja alifikisha kidole kwenye kidevu. Baada ya muda akanyoa ndevu mwenyewe, Mama akakishika kioo huku machozi yanamtoka. Baadaye akashika sikio, akashika kofia. Kila hatua ilitangazwa. Majirani walikuja kumwona akiinua mkono, wakapiga vigelegele, na Baba Mkubwa alipata heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mganga alipelekewa asali. Msimu uliofuata baada ya ule, Baba alirusha kamba juu ya tawi akavuta mzinga mpaka juu, mbele ya macho yangu, na nilishangilia kuliko mtu yeyote. Shuleni nilisimulia. Nilisema tulikuwa na mchawi kwetu, sasa ameondoka, na Baba amepona. Watoto wenzangu waliniuliza alikuwaje, nami nikawaeleza.

Ni vigumu kubishana na mkono unaoinuka. Mimi nilikua nao. Hata nilipofika umri wa kuwa na mashaka juu ya waganga, hata nilipokuja mjini kujifunza cherehani na kuishi na watu waliokuwa wakicheka mambo hayo, moyoni nilibaki na lile moja: lakini Shangazi alipoondoka, Baba alipona. Sikuwa na cha kuweka mahali pake.

Habari za Shangazi zilitufikia mara mbili. Mara ya kwanza kwamba yuko Kaliua, anauza karanga za kuchemsha pale treni inaposimama, na analala kwa mama mmoja aliyemhurumia. Mara ya pili kwamba amefariki na watu wa kanisa wamemzika. Baba alimsikiliza aliyeleta habari, akamwuliza kama aliugua sana, akaambiwa haijulikani. Hakuna aliyekwenda. Mizinga ilibaki ya ndugu wawili, na Baba Mkubwa alipokufa, ikawa ya Baba.

Sasa nirudi kwenye sweta langu. Bega langu lilianza kama lake: bila kuanguka, bila kugongwa. Nilidhani ni kuinamia cherehani. Kisha nikashindwa kulala upande wa kushoto, nikashindwa kufunga sidiria nyuma, nikashindwa kusuka nywele zangu. Siku niliyotaka kushusha kitambaa rafuni, mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma, nikapiga kelele mbele ya wateja. Nikaenda hospitali, wakanipeleka kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

Binti yule hakuanza kwa kubonyeza. Aliniuliza maswali, na kila swali lilikuwa kama ameishi nyumbani kwetu. Maumivu yanashuka mpaka wapi, yanapita kiwiko? Unaamka usiku ukilalia upande huo? Mkono unafika mgongoni? Nywele unachana vipi? Ukishtuka inakuwaje? Kisha akanishika kiwiko, akabana mkono wangu ubavuni, akajaribu kuugeuza kwa nje kama mtu anayefungua mlango. Haukugeuka. Akaniambia nisiusaidie wala nisiuzuie, akajaribu tena. Haukugeuka.

Akasema ni bega lililoganda. Kiungo kina ngozi inayokizunguka kwa ndani, akasema, na wakati mwingine ngozi hiyo inavimba, inakuwa nene na kujikaza bila sababu inayoonekana. Huwapata sana wanawake wa umri wangu, na watu wenye sukari, nami ninayo sukari, na kama ninavyojua sasa, Baba naye anayo. Akaniambia linakwenda kwa vipindi. Kwanza linauma sana. Halafu maumivu yanapungua lakini mkono unakwama. Mwisho linaachia, taratibu, kwa miezi mingi.

“Linaachia kwa dawa gani?” nikamwuliza.

“Mazoezi na dawa vinasaidia, mama. Lakini kwa wengi huwa linaachia lenyewe. Hata wasipofanya kitu. Ni muda tu.”

Akaendelea kunieleza jinsi ya kuninginiza mkono na kuuzungusha kama pendulamu ya saa, na jinsi ya kupandisha vidole ukutani. Niliitikia, nikasema nimeelewa. Sikumwuliza swali lililokuwa kooni, kwa sababu angeniona nina kichaa: kama linaachia hata bila mtu kufukuzwa.

Baba ninaishi naye. Mama alipofariki nilimleta mjini, na sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini akili yake iko sawa. Siku ile niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake nje, akiota jua la alasiri. Nilimsalimia, nikaleta kigoda, nikamweleza kila alichosema binti yule, neno kwa neno: ngozi ya ndani, vipindi vitatu, bega kuachia lenyewe. Alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza nikasema kile nilichokuwa nimekibeba njia nzima.

“Kwa hiyo Shangazi hakukufunga.”

Akasema, bila kunigeukia, “Mkono ulianza kuachia kabla ya kikao.”

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akasema ilikuwa siku chache tu kabla ndugu hawajafika. Shangazi alikuwa anamchua, akakishika kiwiko akakipandisha kama kawaida, na mkono ukapita pale ulipokuwa unakwama siku zote. Ulipita kidogo tu, lakini wote wawili waliuona. “Alicheka,” Baba akasema. “Akaniambia, mdogo wangu, unatoka. Akanikataza nisiuchoshe.”

“Sasa mbona hukuinua? Alikuomba uinue.”

“Watu walikuwa wameshakuja,” akasema. “Kaka alikuwa ameshasema.”

Nikamwuliza kama ilikuwa kwa ajili ya mizinga. Alinyoosha mkono akapapasa kutafuta fimbo yake, akaniambia jua limekuwa kali, nimsogezee kiti kivulini. Nikamsogezea. Nilitumia mkono mmoja, nikiburuta.

Bega langu bado. Nafanya mazoezi kila siku, na binti yule anasema naendelea vizuri. Na Baba namhudumia kama nilivyokuwa nikimhudumia, maana hana mtu mwingine hapa mjini. Zamani nilikuwa nakaa naye akila, tunazungumza habari za soko na za watoto mpaka amalize. Siku hizi namwekea sahani, namwagia maji ya kunawa, naondoka. Hajaniuliza kwa nini.